Ukibadili kifyatulio cha bastola, dhamana ya kiwanda inabaki?

Katika toleo lililopita tuligusia utunzaji wa bastola kwa wamiliki wenye leseni, na sentensi moja ya makala ile, iliyosema kwamba kifyatulio cha kiwandani kisibadilishwe bila sababu nzito, imetuletea barua nyingi kuliko makala yenyewe. Tumechagua saba kati ya hizo kutoka Dodoma na mikoa jirani, tukazifupisha na kuondoa majina ya waandishi, kwa kuwa si busara mtu kutangaza gazetini kwamba nyumbani kwake kuna silaha.

Swali: Ndugu mhariri, mimi ni mfanyabiashara wa nafaka, mkazi wa Kisasa, Dodoma. Ninamiliki bastola kwa leseni. Niliinunua ikiwa mpya kwa muuzaji mwenye kibali, nikapewa na karatasi ya dhamana ya kiwanda. Kifyatulio chake nakiona kizito, na shemeji yangu anayeishi Marekani ameniahidi kuniletea cha aluminiamu kilichotengenezwa na kampuni nyingine. Muuzaji anasema nikikifunga tu, dhamana imekufa. Shemeji anasema muuzaji ananitisha bure, kwa sababu ipo sheria inayomkataza mtengenezaji kufuta dhamana kwa kisingizio cha kipuri cha kampuni nyingine. Nimsadiki nani?

Jibu: Kila mmoja wao ameshika kipande cha ukweli, na kila mmoja amekivuta kuliko kinavyoweza kufika. Tuanze na shemeji. Sheria anayoizungumzia ipo kweli: ni Magnuson-Moss Warranty Act, iliyopitishwa Marekani mwaka 1975, nayo inahusu bidhaa za mlaji zinazouzwa zikiwa na dhamana ya maandishi. Kwa mujibu wake, mtengenezaji hawezi kumwambia mteja kwamba dhamana itaendelea kuwa hai kwa sharti tu la kununua vipuri vyenye nembo yake, isipokuwa vipuri hivyo anavitoa bure au amepewa ruhusa maalumu na Tume ya Shirikisho ya Biashara ya nchi hiyo. Ndiyo maana mwenye gari kule anaweza kufunga chujio la oili la kampuni yoyote bila kuogopa kunyimwa huduma ya injini. Tume hiyo hailali usingizi: mwaka 2018 iliziandikia kampuni sita, zikiwemo Hyundai, Nintendo na Sony, ikizionya kuhusu maneno ya dhamana yaliyoonekana kumfunga mteja kwa vipuri au mafundi wa kampuni pekee.

Wengi wanaoinukuu sheria hiyo huishia hapo, ilhali nusu ya pili ndiyo inayokuhusu zaidi. Sheria hiyo hiyo inamwachia mtengenezaji haki ya kukataa kutengeneza kasoro iliyosababishwa na kipuri cha kigeni, au na namna kilivyofungwa. Kwa hiyo jambo linaloulizwa ni kama kipuri hicho ndicho kilicholeta kasoro, na kule Marekani anayetakiwa kuonesha uhusiano huo ni yule aliyetoa dhamana. Kama mtutu umepasuka kwa sababu ya chuma kibovu, kifyatulio cha aluminiamu hakina la kujibu. Lakini kama bastola inagoma kufyatua, au inafyatuka pasipotakiwa, au kifyatulio hakirudi mahali pake baada ya risasi ya kwanza, basi kipuri kilichobadilishwa ndicho mtuhumiwa wa kwanza, na mtengenezaji hatapata shida kubwa kulionesha hilo.

Liko na jambo jingine ambalo shemeji huenda hakulisoma. Sheria hiyo haimlazimishi mtu yeyote kutoa dhamana ya maandishi; inasimamia tu zile zilizotolewa. Ruger, mojawapo ya viwanda vikubwa vya silaha nchini humo, haiweki karatasi ya dhamana ndani ya boksi, na vitabu vyake vya maelekezo vinaeleza waziwazi kwamba imefanya hivyo kwa sababu sheria haimtaki mtengenezaji aitoe. Kampuni hiyo hutengeneza bidhaa zake zinaporudishwa na kasoro, ila hufanya hivyo kwa utaratibu wake yenyewe.

Sasa turudi Kisasa. Sheria ya Marekani haipandi ndege pamoja na bastola. Ukiwa na mgogoro hapa, utakaosimama nao ni muuzaji wako, na vitakavyosomwa ni karatasi uliyopewa pamoja na sheria za Tanzania. Karatasi za namna hiyo karibu zote huwa na kifungu kinachotaja mabadiliko yasiyoidhinishwa na vipuri visivyo vya kiwanda. Kitafute, kisha uangalie kwa makini kama kinasema kwamba dhamana yote inakoma, au kwamba uharibifu uliosababishwa na mabadiliko hayo haulipwi. Tofauti ya kauli hizi mbili ni kubwa, na muuzaji anayesema «dhamana imekufa» huenda mwenyewe hajawahi kuisoma. Kama imeandikwa Kiingereza au Kijerumani na hukuielewa, mwombe akupe tafsiri yenye saini yake.

Hata karatasi ikiwa kali, hubaki mikono mitupu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaweka ndani ya mauziano masharti kuhusu ubora wa kitu kinachouzwa na mtu ambaye hiyo ndiyo biashara yake, na masharti hayo yanamfunga muuzaji, bila kujali mtengenezaji yuko Ulaya au wapi, isipokuwa pale mlipokubaliana vinginevyo. Pia ipo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo pamoja na mambo mengine inamlinda mlaji, na Tume ya Ushindani, FCC, hupokea malalamiko ya walaji. Chuma kibovu kilichotoka kiwandani hakigeuki kuwa chuma kizuri kwa sababu mnunuzi alibadili kifyatulio. Ugumu utakaokukuta ni wa ushahidi: ukishaifungua silaha na kuweka kitu kingine ndani, kila utakachodai kitaanza kwa swali la nani aliigusa na kwa zana gani.

Kwa hiyo, ukitaka tukuchagulie, tungekuwa karibu zaidi na muuzaji, ingawa sababu aliyoitoa ni pana kupita kiasi. Na shemeji mwambie asikitie kifyatulio hicho kwenye begi la nguo. Sehemu za silaha zinazotoka Marekani ziko chini ya udhibiti wa usafirishaji wa nchi hiyo, na kwa upande wetu silaha na vinavyoambatana nazo vinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Uliza kwanza, kwa maandishi, kwenye ofisi ya Polisi inayoshughulikia leseni yako, na usubiri jibu la maandishi. Kipuri cha bei ndogo kinaweza kukugharimu leseni, na hapo dhamana itakuwa ndiyo ya mwisho katika mawazo yako.

Swali: Mimi ni msomaji wa Mpwapwa. Nimebadilisha mpira wa mshikio na kuweka vilengeo vinavyong'aa usiku. Je, nami nimepoteza dhamana?

Jibu: Kwa kawaida hapana, kwa sababu hakuna kasoro ya maana ya mitambo inayoweza kulaumiwa kwa mpira wa mshikio. Kwa vilengeo, angalia tu kama vilipigwa nyundo kuingia, kwani slaidi, yaani sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma, ikiwa na alama za nyundo haimfurahishi mkaguzi yeyote. Hifadhi vile vya zamani.

Swali: Kwa nini watengenezaji wanakuwa wakali juu ya kifyatulio kuliko sehemu nyingine yoyote? Bastola yangu ina sefti tatu, yaani vizuizi vya kuifanya isifyatuke bila kukusudiwa. Kipande kimoja kidogo kitaharibu nini? Msomaji, Chang'ombe, Dodoma.

Jibu: Swali lako lina jibu lake ndani, kwa sababu katika bastola nyingi za kisasa sefti hizo tatu zote zinapita kwenye kifyatulio. Chukua mfano wa Glock, ambayo kielelezo chake cha kwanza, Glock 17, kilitoka Austria mwanzoni mwa miaka ya 1980 na ambao mfumo wake umeigwa na viwanda vingi. Sefti ya kwanza ni kile kiulimi kilicho katikati ya uso wa kifyatulio, kinachozuia kifyatulio kurudi nyuma kama kidole hakijakigusa sawasawa. Ya pili ni kizuizi kidogo ndani ya slaidi kinachoikalia njia ya pini inayopiga fataki ya risasi, yaani kile kiwashio kilicho kwenye kitako chake. Ya tatu ni namna mkono wa kifyatulio, yaani ule ubapa mrefu wa chuma unaokwenda nyuma, unavyoishikilia pini hiyo na kukaa juu ya kingo maalumu, ili isiachie silaha ikidondoka. Ukivuta, kiulimi kinalala, mkono unarudi nyuma, unakisukuma kizuizi juu, kisha unashuka na kuiachia pini. Vyote ni mwendo mmoja, na vipimo vyake ni vya sehemu ndogo za milimita. Anayebadili kifyatulio na mkono wake amezigusa sefti zote tatu kwa mpigo, hata kama nia yake ilikuwa kupata mvuto laini tu.

Tukio linaloeleza jambo hili kuliko maneno yetu ni lile la bastola ya SIG Sauer P320. Silaha hiyo iliingia sokoni mwaka 2014, na Januari 2017 Jeshi la Nchi Kavu la Marekani likaichagua familia yake kuwa bastola ya askari wake. Agosti mwaka huo huo, baada ya majaribio ya watu binafsi kuonesha kwamba bastola ya toleo la kiraia inaweza kufyatuka ikidondoka na kupiga chini kwa sehemu ya nyuma ya slaidi, kampuni ilitangaza mpango wa hiari wa kuzirekebisha. Marekebisho yenyewe yanafundisha: kifyatulio kilibadilishwa na kuwekwa chepesi zaidi kwa uzito wake chenyewe, pini na kishikizo chake vikapunguzwa uzito, na kikaongezwa kitenganishi cha kimitambo, yaani kipande kinachokitenga kifyatulio na pini mpaka slaidi ifunge kabisa.

Kwa nini uzito wa kifyatulio chenyewe? Bastola inapodondoka na kusimama ghafla, kilicho huru ndani yake hakisimami papo hapo. Kinaendelea na safari, kama abiria aliyesimama kwenye daladala dereva anapofunga breki. Bastola ikiangukia mgongo wake wa nyuma, upande ambao kifyatulio kinataka kuendelea nao ni uleule ambao kidole kingekivuta. Kikiwa kizito vya kutosha na springi inayokizuia ikiwa dhaifu vya kutosha, bastola haijui kwamba hakuna kidole. Sasa mfikirie yule msomaji wetu wa Kisasa na kifyatulio chake cha aluminiamu. Aluminiamu inasifiwa kwa wepesi, na kweli ni nyepesi ukiilinganisha na chuma, lakini kwa umbo lile lile ina uzito wa takriban mara mbili ya plastiki ngumu ambayo vifyatulio vingi vya kiwandani vimetengenezwa nayo. Na mara nyingi kinakuja na springi laini zaidi, kwa sababu mvuto laini ndio uliomvutia mnunuzi.

Hatusemi kwamba kila kifyatulio cha kampuni nyingine ni cha hatari. Ziko kampuni makini zinazofanya majaribio ya kudondosha, na nyingine zinabuni vifyatulio vinavyoacha sefti za kiwandani bila kuguswa. Ila mtengenezaji wa bastola hakuijaribu bastola yake na kipuri hicho, na dhamana ni ahadi ya mtu kuhusu kitu alichokijaribu. Kumtaka aahidi juu ya mchanganyiko ambao hajawahi kuuona ni kumwonea, hata kama tunamchukia kwa mambo mengine.

Swali: Mimi ni mlenga shabaha wa muda mrefu, nipo Manyoni. Je, kilo ngapi za mvuto zinafaa, na je, kuna namna ya kupata mvuto mwepesi bila kuichokoza dhamana?

Jibu: Inategemea bastola inafanya kazi gani. Bastola nyingi za kubeba hutoka kiwandani zikihitaji nguvu ya takriban kilo 2.5 kuvuta kifyatulio. Polisi wa New York City kwa miaka mingi walibeba bastola zilizowekewa springi nzito za makusudi, zilizofikia takriban kilo 5.4, kwa kuwa wakuu wao waliogopa risasi zinazotoka bila kukusudiwa kuliko walivyoogopa kukosa shabaha. Upande wa pili wa mizani, kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la ulengaji shabaha, zinataka bastola ya mita 25 isipungue gramu 1,000, na bastola ya hewa ya mita 10 isipungue gramu 500. Mlengaji huyo, hata hivyo, amesimama uwanjani, silaha imeelekezwa kwenye shabaha, na hakuna anayemkimbiza. Gramu 1,000 kwenye bastola inayokaa kiunoni mwa mtu anayeshuka kwenye pikipiki gizani ni habari nyingine kabisa.

Kabla ya kubadili chochote, pima. Mizani ya springi yenye ndoana, ya aina inayotumika buchani kupimia nyama, inatosha kukupa picha, mradi iwe inasoma gramu ndogo. Toa magazini, vuta slaidi, angalia chemba kwa macho na kwa kidole, peleka risasi zote chumba kingine, elekeza mtutu mahali salama, kisha vuta taratibu katikati ya uso wa kifyatulio na usome pale kinapoachia. Rudia mara kadhaa uchukue wastani. Wengi wanaolalamikia uzito hugundua kwamba uzito ni wa kawaida, na kinachowasumbua ni mkwaruzo: kifyatulio kinakwenda kwa kusitasita badala ya kuteleza. Mkwaruzo wa silaha mpya hulainika kwa matumizi na usafi. Mazoezi ya kufyatua bila risasi, kwa kutumia risasi bandia za mazoezi pale kitabu cha maelekezo kinaporuhusu, hufanya kazi mbili kwa pamoja, yaani hulainisha mitambo na hukifundisha kidole.

Ikiwa bado unataka mabadiliko, njia isiyogombana na dhamana ni vipuri vya mtengenezaji mwenyewe. Viwanda kadhaa vina springi na konekta (vipande vidogo vya chuma vinavyogusana na mkono wa kifyatulio) za uzito tofauti kwa bastola ile ile, nyingine kwa ajili ya mashindano na nyingine kwa ajili ya polisi, na zikifungwa na fundi anayetambuliwa na kiwanda huwa ni sehemu ya bidhaa. Mwambie muuzaji aulize kiwandani kwa namba ya silaha yako, na jibu lije kwa maandishi. Fundi naye aandike kwenye risiti alichofunga, tarehe, na namba ya silaha. Kifyatulio ulichokitoa kirudi kwako, kisibaki kwenye droo ya fundi.

Swali: Mimi naishi Kongwa. Fundi mmoja alinibadilishia kifyatulio na springi ya pini miezi iliyopita. Tangu kiangazi kianze, bastola inagoma: nafyatua, nasikia mlio wa pini, risasi haitoki. Muuzaji ameikataa mara tu aliposikia habari ya fundi. Rafiki ananishauri nirudishe vipuri vya zamani ndani, kisha niipeleke kama vile haijaguswa. Mnasemaje?

Jibu: Ushauri wa rafiki uache, na si kwa sababu za uadilifu peke yake. Mtu aliyezoea kukagua bastola huanza kwa kuangalia vijiti vinavyoshikilia mitambo kwenye mwili wa silaha. Kijiti kilichopigwa kwa punchi isiyo ya saizi yake huacha mwezi mdogo unaong'aa pembeni mwa tundu, na plastiki inayokizunguka huvimba kidogo. Ndani, mkono wa kifyatulio huacha njia zake juu ya chuma kinachogusana nao, na njia za mkono mmoja hazilingani na za mwingine. Atajua kabla hujamaliza kueleza, na kuanzia hapo hata dai lako la haki halitasikilizwa.

Tuje kwenye kugoma kwenyewe. Ili fataki ya risasi iwake, pini lazima iigonge kwa nguvu ya kutosha, na nguvu hiyo inatoka kwenye springi yake. Vifyatulio vyepesi vya kununua mara nyingi huja na springi ya pini iliyopunguzwa nguvu, kwa kuwa sehemu ya uzito unaousikia kidoleni ni kazi ya kuikaza springi hiyo. Kiwanda huweka springi yenye nguvu ya ziada kwa makusudi, kwa ajili ya siku ambayo silaha ni chafu, mafuta yameganda au fataki ni ngumu. Fundi wako aliiuza akiba hiyo ili upate ulaini.

Halafu ikaja Kongwa na kiangazi chake. Wote tunaijua hali ya miezi ya upepo katika ukanda huu, kuanzia katikati ya mwaka hadi mvua za kwanza: vumbi laini kama unga linaingia kwenye kabati lililofungwa, sembuse kwenye bastola inayobebwa kiunoni. Likikutana na mafuta mengi linakuwa tope jeusi, na mahali pabaya kuliko pote kwa tope hilo ni ndani ya njia ya pini. Kitabu cha Glock kinakataza kutia mafuta kwenye njia hiyo, na mafundi wengi wa mtaani huyamimina humo kwa moyo safi kabisa. Pini inayosukumwa na springi dhaifu, ikipita kwenye tope, inafika imechoka. Chukua risasi iliyogoma uitazame kitako chake kwenye mwanga: kishimo kikiwa katikati lakini ni kifupi, kama kilichodonolewa, tatizo ni nguvu ya pigo. Kikiwa kirefu na cha kawaida, risasi yenyewe huenda ndiyo mbovu, na hapo lawama inahamia kwingine. Zihifadhi hizo zilizogoma, zihesabiwe pamoja na nyingine zako, maana ni ushahidi wako. Na itakapogoma tena, usiharakishe kuvuta slaidi. Mtutu ubaki umeelekezwa mahali salama kwa sekunde zisizopungua 30, kwa kuwa fataki inaweza kuchelewa kuwaka.

Cha kufanya ni hiki. Nenda kwa muuzaji na vipuri vya kiwandani mkononi, mweleze wazi kilichofanyika, na umwombe fundi wake avirudishe, aisafishe silaha, kisha aijaribu mbele yako, kwa gharama yako. Ikiacha kugoma, hukuwa na dai la dhamana na umeokoa muda wa kila mtu. Ikiendelea kugoma ikiwa na kila kipande cha kiwandani, muuzaji hana tena fundi wa kumsingizia, na hapo dai lako lina miguu. Fundi wa awali kama hana kibali cha kutengeneza silaha, tatizo lako na yeye si la dhamana tena, na tungekushauri ulipeleke Polisi wewe kabla halijapelekwa na mwingine.

Swali: Nimeuziwa bastola iliyotumika, kwa kufuata taratibu zote za uhamisho, hapa Singida. Nitajuaje kama kifyatulio ni cha kiwandani, na je, dhamana ya mmiliki wa kwanza inanihusu?

Jibu: Dhamana nyingi za kiwanda humhusu mnunuzi wa kwanza tu, na hata zile zinazohamishika huhesabiwa tangu siku ya mauzo ya kwanza, kwa hiyo omba risiti ya awali. Kuhusu kifyatulio, linganisha silaha na mchoro wa vipuri ulio kwenye kitabu chake. Rangi ya ajabu, uso bapa pale ambapo mchoro unaonesha uliopinda, au skrubu ndogo ya kurekebishia mwendo ambayo haimo kwenye mchoro ni dalili za kutosha kumwona fundi mwenye kibali kabla ya kuibeba. Skrubu hiyo hasa haipendezi, kwa sababu ikilegea kwa mitikisiko inaweza kubadili mahali kifyatulio kinapoachia, au kukizuia kisiachie kabisa.

Swali: Muuzaji wangu yuko Dar es Salaam. Amekubali kwamba kasoro ya kifyatulio changu ni ya kiwandani, na ananiambia niifungashe bastola vizuri nimtumie kwa basi kama tunavyotumiana spea nyingine. Nipo Chamwino. Ni sawa?

Jibu: Si sawa hata kidogo, na tumeshangaa kwamba mtu mwenye kibali cha kuuza silaha anaweza kutoa maelekezo hayo. Leseni imekupa wewe haki ya kuwa na silaha hiyo. Haikumpa kondakta wala mhudumu wa ofisi ya mizigo. Mwambie muuzaji akuandikie barua inayokiri kasoro, ikitaja namba ya silaha na muda ambao atakaa nayo. Ipeleke barua hiyo kwenye ofisi ya OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya yako, uombe maelekezo ya namna ya kuisafirisha na ya kumkabidhi, na uondoke na nakala iliyogongwa muhuri. Kama utasafiri nayo mwenyewe kwa treni au ndege, uliza masharti ya msafirishaji kabla ya kukata tiketi, kwa sababu ukaguzi wa mizigo hausikilizi habari za dhamana. Na kwa kuwa amekiri kwamba kasoro ni ya kiwandani, nauli yako ya kwenda na kurudi idai kwake kwa maandishi, katika barua hiyo hiyo, kabla hujatoka Chamwino.